Kitanda Kisichopoa

Goweko nzima inaijua nyumba yangu. Ungeshuka stesheni ukauliza kwa nesi wa Maskati ni wapi, mtoto yeyote angekunyooshea kidole kwenye mabati ya bluu, maana kwa miaka mitatu hayakuwapo mengine ya rangi hiyo upande ule wa reli. Tofali za kuchoma, madirisha ya vioo, na sebule ya vigae ambavyo mama yangu alikataa kuvikanyaga na viatu. Sikusaidiwa na mume wala kaka. Baba yangu alilima tumbaku maisha yake yote na akafa chini ya paa la nyasi. Mimi nilipata stashahada ya uuguzi kwa kufua mashuka ya wenzangu bwenini, na nikaenda Maskati kumtunza bibi mmoja aliyepooza, miaka sita, nikimgeuza kila baada ya saa mbili hata akafa bila kidonda kimoja mgongoni. Wauguzi wanaonisoma hapa wanajua maana ya sentensi hiyo. Kila likizo nilirudi na kitu cha nyumba: kitasa, bomba, pazia. Nayasema haya mwanzoni ili ieleweke kwamba sikuzaliwa mtu wa kuomba mahali pa kulala.

Kosa langu lilikuwa moja, nalo ni kosa la karibu kila mtu wa kwetu anayerudi na kitu mkononi. Nilijenga pale ambapo watu wangenisifu. Pale ambapo ningefanya kazi sikupafikiria.

Yule bibi alipofariki, kibali changu kilikwisha pamoja naye. Nilirudi, nikaomba kazi, nikapata ya mkataba katika hospitali moja mjini Tabora, wodi ya upasuaji. Siku ya kwanza msimamizi wa wodi alisoma karatasi zangu akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza ninakaa wapi. Nikamwambia Goweko, nina nyumba yangu.

"Goweko hukai, dada," alisema. "Goweko unatoka, tena kwa treni isiyopita kila siku. Hapa muuguzi anaitwa saa yoyote. Tafuta mahali utakapofika kwa miguu, la sivyo mwezi ujao nitakuwa nimempa mwingine nafasi hii."

Nilicheka. Nilidhani mtu aliyesimamisha nyumba ya vyumba vinne hawezi kushindwa na chumba kimoja.

Nilianza na ofisi inayogawa nyumba za watumishi, zile chache zilizo nyuma ya hospitali. Mzee wa ofisi alifungua daftari, akaandika jina langu kwa mwandiko mzuri, akalifunga.

"Nitasubiri muda gani, mzee wangu?"

"Anayekutangulia kwenye orodha hii aliandikwa akiwa msichana," alisema. "Sasa binti yake yuko kidato cha pili."

Nikamwendea dalali. Alinitembeza siku tatu katika mitaa yote inayoizunguka hospitali, na kila tulipofika tulikuta milango imefunguka, mikeka imeanikwa uani, na wageni wakisonga ugali kwenye majiko ya mkaa. Walikuwa ndugu wa wagonjwa, watu wa kutoka Usinge, Sikonge, Nzega, wanaokuja kuuguza na hawana pa kulala. Wenye nyumba walikuwa wamegundua kwamba chumba kinachompa mpangaji mmoja kwa mwezi kinaweza kulaza watu sita kwa mikeka, na kila mmoja analipa asubuhi kabla hajanawa uso. Vile vichache vilivyobaki vya kupanga kwa mwezi vilitaka kodi ya miezi sita, taslimu, mkononi, kabla ya ufunguo. Akiba yangu ilikuwa juu ya paa, Goweko.

"Na hao wagonjwa atawahudumia nani," nilimuuliza dalali, "kama sisi tunaishi mbali?"

"Hilo waulize wakubwa, nesi. Mimi ni dalali." Alikuwa mtu mchangamfu, anatembea mbele yangu akizungusha funguo kidoleni. "Tabora tangu enzi za misafara inakula kwa kulaza wapita njia. Wewe shida yako ni kwamba hupiti. Unataka kukaa."

Hatimaye nilipata mtaa wa Cheyo, mwendo wa miguu kutoka hospitalini, na nilipata kwa akili yangu mwenyewe. Wauguzi wawili wa hospitali yetu walikuwa wamebanana kwenye chumba cha bibi mmoja wa mjini, mjane wa fundi cherehani, na kodi ilikuwa inawashinda. Mmoja alikuwa mama wa Kasulu, mtu wa wodi ya wazazi, mnene na mcheshi, watoto wake aliwaacha kwa dada yake. Mwingine alikuwa binti wa Usinge, wa wodi ya watoto, ndio kwanza ametoka chuoni. Chumba kilikuwa na kitanda cha futi nne, na kilipoingia kitanda hicho, mlango ulibaki na nafasi ya kufunguka nusu. Niliwaambia niwe wa tatu.

"Tutalala wapi watatu?" mama wa Kasulu aliuliza. "Au wewe dada wa Maskati unalala umesimama kama twiga?"

Nikawaonyesha. Mmoja wetu akiwa zamu ya usiku, wawili wanalala kitandani usiku, naye anakirithi asubuhi wakishaondoka. Nilichora jedwali la wiki nne, nikalibandika nyuma ya mlango. Tukawa tunabembeleza wasimamizi wetu wapange zamu zetu zifuate jedwali lile, kila mmoja kwa visingizio vyake. Sitaona haya kujisifu: lilikuwa jedwali safi kuliko la wodi yetu, na halikugongana hata mara moja kwa miezi mitano. Mwenye nyumba naye alikubali baada ya kufikiri.

"Sipangishi watu watatu," alisema. "Ila ninyi manesi mmoja kila mara yuko kazini. Nawahesabu wawili."

Maskati, ugenini, nilikuwa na chumba changu na ufunguo wangu. Nyumbani nilikuwa na theluthi ya kitanda. Hilo sikumwambia mtu. Mama yangu aliponipigia simu kuuliza kama nimepata pa kukaa, nilimwambia nimepata nyumba, karibu kabisa na kazini. Akataka kuiona. Nilivaa gauni la Maskati, nikasimama kwenye baraza la mwenye nyumba, kwenye mlango wake wa mbao wenye nakshi, binti wa Usinge akanipiga picha, nikamtumia jirani mwenye simu kubwa. Jioni ile, niliambiwa, picha ilizunguka Goweko mpaka betri ikaisha. Watu walisema: kama huku amejenga vile, mjini amejenga nini?

Mama yangu ana kisukari. Kilikuwa kimeshaua hisia za nyayo zake, kwa hiyo alipochomwa na mwiba shambani hakujua mpaka alipoona damu kwenye kandambili. Wiki kadhaa zahanati ilikuwa ikimwosha kidonda, kikawa kinafunga juu na kuoza ndani. Wakamwandikia barua ya rufaa kuja hospitali yetu. Aliponipigia hakuwa na hofu hata kidogo.

"Wenzangu wanaoletwa huko wanalala chini ya miti," alisema. "Mimi namshukuru Mungu, nina nyumba mjini."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia, na jibu langu si zuri: jirani mwenye simu alikuwa amesimama karibu naye, akisikiliza.

Nilimpokea stesheni. Alishuka akishikwa mkono na abiria wenzake, mguu umefungwa kitambaa, na nyuma yake wanaume wawili wakashusha kitu kizito kilichofungwa kwenye kitenge. Nilikijua kabla hakijafunguliwa. Kwetu, mama akiingia mara ya kwanza kwenye nyumba ya binti yake aliyejitegemea, huja na kinu. Sahani na mashuka binti atajinunulia. Kinu kikishasimama uani, binti ana mji wake, na hakuna wa kumwambia hamisha. Kile alikuwa amekichongesha kwa mti wa mninga, kipya, kikinukia.

Bajaji ilitushusha Cheyo. Mama aliliona lile baraza, akalitambua, akatabasamu kama mtu aliyefika kwake. Akawasalimu watu wote uani, akaitikia shikamoo za wenzangu, kisha akageuka kwangu.

"Kinu kisimame wapi, mwanangu?"

Mwenye nyumba alitoka jikoni kwake, anajifuta mikono kwenye khanga. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Nyumba ile ndiyo shamba lake, hana lingine.

"Karibu, dada yangu, pole na safari," alimwambia mama. "Lakini kutwanga hapa sikuruhusu. Saruji yangu ya zamani, itapasuka."

Mama alimtazama, akanitazama. Alikuwa amemwona mwanamke akitoa amri kwenye uwanja ninaouita wangu. Tukakiingiza kinu chumbani, tukakisimamisha kwenye ile nafasi ya mlango, na tangu hapo mlango ukawa unafunguka robo.

Asubuhi yake nilimpeleka kliniki ya vidonda. Daktari alikichimba kile kidonda mbele yangu, akanionyesha kilipofika. Alizungumza nami kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi, nami nilifurahi kwa hilo, hata katika hali ile.

"Sista, unajua mwenyewe," alisema. "Asafishwe kila siku. Na mguu ulale juu, mchana na usiku, wiki sita. Ukining'inia, dawa zangu zote ni kazi bure. Kidole kitaondoka, kisha mguu. Anakaa mbali?"

"Anakaa kwangu," nilisema. "Hapo Cheyo."

"Basi una bahati."

Mguu ulale juu, mchana na usiku. Nilirudi nalo neno hilo, nikalitazama jedwali langu nyuma ya mlango. Usiku hakukuwa na tabu: mama alilala kitandani na mmoja wetu, mwingine alijikunja kwenye mkeka kati ya kitanda na kinu. Tatizo lilikuwa mchana. Mchana kitanda kilikuwa cha mtu aliyekesha. Wiki ile ilikuwa zamu ya binti wa Usinge. Alirudi asubuhi macho mekundu, akamkuta mama amelala, mguu juu ya mito miwili.

"Mwache, dada," aliniambia. "Mimi nitajibanza hapo chini."

Alijibanza siku tatu. Kila mtu aliyefungua mlango alimgonga kichwani. Siku ya nne alisinzia kazini, amekaa kwenye kiti, mtoto wa watu yuko kwenye dripu, na msimamizi wake akamkuta. Hakuna lililoharibika, lakini aliandikiwa onyo. Alinionyesha karatasi ile bila kulalamika. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwambia mama kwamba mchana daktari anataka apate hewa kidogo, nikamtoa barazani, nikamwekea kiti na ndoo ya kuinulia mguu.

Ndoo si mto. Jua likigeuka alisogeza kiti, na akisogeza kiti alishusha mguu. Wapangaji walipita, akawapisha. Nikirudi saa tisa nilikuta kifundo kimevimba na bandeji imelowa. Nilikuwa nikimsafisha kwa mikono hii iliyofaulu Maskati, kwa chumvi, kwa dawa, kwa kila nilichojifunza, na kila jioni kidonda kilikuwa kibaya kuliko asubuhi. Nilijua kwa nini. Hilo ndilo jambo gumu la kuwa na stashahada: huna hata faraja ya kutojua.

Usiku wa sita au wa saba mama alinong'ona, mwenzangu amelala upande wa ukutani.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Kitanda chako hakipoi."

Nilimrekebishia mto chini ya mguu.

"Nikitoka asubuhi kina joto langu. Nikirudi jioni kina joto la mtu mwingine. Nimezaa watoto wanne, najua joto la mtu." Akapumua. "Hii nyumba si yako."

"Chumba ni changu, mama."

"Robo ya chumba," alisema, wala hakuwa na hasira. "Lala. Kesho una kazi."

Nililia bila sauti, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa si tabia yangu.

Wiki ya pili mwenye nyumba aliniita jikoni kwake. Alinimiminia kahawa kwanza, ndipo nikajua habari si nzuri.

"Nesi, mgeni siku mbili," alisema. "Mimi nimempa kumi na moja, na jembe sijamshikisha. Lakini kila usiku kuna watu wanagonga mlango wangu, wana hela ya mkeka mkononi. Mama yako analala mahali pa mkeka mmoja. Mlipie kama wanavyolipa wenzake wanaouguza, akae hata mwaka. Mimi nitamwita dada."

"Ni mama yangu, bibi. Si mtu wa mkeka."

"Na mimi ni mjane, mwanangu. Si hospitali."

Nililipa siku nne. Nikakopa kwa mama wa Kasulu nikalipa mbili. Yeye alinipa akitania kwamba atanidai kwa dhahabu ya Maskati, ila nilijua ni hela ya daftari za watoto wake. Niliandika barua ya kuomba mama alazwe; wodi ya wanawake ilikuwa na wagonjwa wawili wawili kitandani, na kidonda cha mtu anayetembea mwenyewe hakikupewa nafasi. Nilimrudia dalali. Kilikuwepo chumba kimoja kizuri sana, alisema, hatua mia tatu kutoka lango la hospitali, kitanda kinaingia na mkeka unaingia na kinu kinaingia. Miezi sita, mkononi.

"Nipokelee ya miwili, kaka. Mimi ni mwajiriwa."

"Mwajiriwa wa mkataba," alisema kwa upole. "Mwenye nyumba ameshauliza."

Siku iliyofuata nilitoka zamu nikakuta chumba kina nafasi. Mlango ulifunguka nusu. Kinu hakikuwepo. Binti wa Usinge alikuwa amekaa kitandani, usingizi umemwisha.

"Mama ameondoka, dada. Alimwita kijana wa mkokoteni. Alisema nisikushtue ukiwa kazini."

"Ameenda stesheni?"

"Alisema anakwenda kwa wenzake."

Nilijua ni wapi. Nyuma ya hospitali lipo banda ambalo ndugu wa wagonjwa hupikia, paa bila kuta, masizi juu na majivu chini. Mimi hupita pale kila siku na sare nyeupe, nikishika pua kidogo. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mguu ameuegemeza juu ya kinu chake alichokilaza ubavu. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua kisamvu walisimama waliponiona.

"Shikamoo, sista," walisema, ingawa mmoja alinizidi umri.

"Huyo ndiye binti yangu," mama aliwaambia. "Huyo ndiye mwenye nyumba Cheyo, niliyewaambia. Ana mlango wa nakshi. Ananibembeleza nikalale kwake, mimi nimemwambia nataka kukaa na watu, kule ndani nimechoka upweke."

Walinitazama kwa heshima. Mmoja alisema ningekuwa mwanawe angejivuna. Nikasimama pale, na kwa mara ya kwanza maishani sifa zangu zilinikaa mwilini kama nguo ya maiti. Mama alikuwa akinilindia jina langu kwa mguu wake.

Alikaa bandani siku tisa. Usiku upepo uliingia pande zote nne. Nilikuwa nampelekea uji, namsafisha kidonda pale pale mbele ya watu, na niliwaapia kwamba amekaa pale kwa kupenda mwenyewe. Siku ya tisa kwenye kliniki kidole cha mwisho kilikuwa cheusi. Daktari hakuniangalia.

"Sista, uliniambia anakaa kwako."

"Ndiyo."

"Huyu mtu analala sakafuni." Akaandika. "Kidole tunakitoa keshokutwa. Nikimwona hivi tena baada ya wiki mbili, nitazungumza nawe habari ya goti."

Tulikaa kwenye benchi la nje, mama na mimi. Alikuwa mtulivu kama anasubiri treni.

"Mabati yale," alisema, "yanauzika?"

Sikuelewa. Au nilielewa, nikajifanya.

"Yale ya bluu. Kuna mtu wa huku mjini alipita kwetu mwaka jana akaniuliza ulinunua wapi, anataka kuezeka duka."

"Mama, ile ni nyumba yako."

"Mimi niko wapi?" Akaonyesha kwa kidevu: benchi, lango, banda. "Bati halimfuniki mtu asiyekuwepo."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nitapata mkopo, nitaandika barua nyingine, nitarudi Uarabuni. Nilimwambia mabati yale ndiyo jina langu. Nakumbuka nilisema hivyo, kwa sauti, kwenye benchi la kliniki. Mama aliuvuta mguu wake akaulaza mapajani mwangu, kama mtoto anayetaka kufungwa kamba za viatu.

"Sasa chagua wewe, nesi," alisema. Hakuwahi kuniita nesi kabla ya siku hiyo.

Nilikwenda Goweko siku yangu ya mapumziko, na fundi na ngazi. Ilikuwa kiangazi, mbingu tupu. Bati la kwanza liling'oka na mlio uliosikika mpaka stesheni, na watu wakaja. Walisimama chini ya mti wa jirani, wamefunga mikono, wanatazama.

"Vipi tena, nesi?" mzee mmoja aliuliza. "Unaezua?"

"Nayapeleka mjini," nilisema.

"Kule unaongeza vyumba?"

"Nahitaji chumba kimoja zaidi."

Wakatikisa vichwa. Mmoja akamwambia mwenzake: unaona mtu aliyesoma, hata bati lake anatembea nalo. Sikuwasahihisha. Lori la yule mwenye duka aliyeyanunua lilipoondoka kwenda mjini, niliingia sebuleni. Jua lilikuwa limelala juu ya vigae vyote, jeupe, hakuna kivuli hata cha upana wa kiganja. Nilivua viatu kwa mazoea, vigae vikaniunguza.

Chumba cha hatua mia tatu tulikipata. Mama alitolewa kidole, kimoja tu, akalala kwenye kitanda ambacho asubuhi hakimngoji mtu. Nilimgeuza, nikamsafisha, nikauinua mguu ule juu ya mito wiki saba, si sita, na ukafunga kutoka chini kwenda juu kama inavyotakiwa. Daktari aliwaita wanafunzi waje kuuona. Kidonda kile kimeponywa na mimi, na nitalisema hilo popote. Wenzangu wa Cheyo walipata mwingine wa theluthi yangu, muuguzi mpya kutoka Urambo. Jedwali langu bado limebandikwa nyuma ya mlango, wamefuta jina tu.

Mwenye nyumba mpya ameruhusu kutwanga. Kinu kimesimama uani, na majirani huja kuazima. Mama huwaambia ni cha binti yake. Jioni hukaa nacho karibu, anaweza kutembea sasa mpaka lango la hospitali na kurudi, akivuta kidogo upande mmoja. Nyumba yake ya zamani ya nyasi bado imesimama kule Goweko, anasema atarudi akipona kabisa. Hasemi lini, nami simuulizi, kwa sababu kliniki ni kila mwezi na treni haipiti kila siku.

Mvua zimeanza. Jirani alinitumia picha ya sebule yangu: maji yamejaa juu ya vigae mpaka kwenye kizingiti, na bata wawili wa mtu wamo ndani. Nimeifuta.

Juzi dalali alipita. Hakuingia, alisimama mlangoni akizungusha funguo zake, akamsalimu mama vizuri.

"Nesi, naona mwezi wa sita wa kodi yako unaingia," alisema. "Mwenye nyumba anauliza mapema, asije akaweka watu wa mikeka."

"Mwambie nitalipa."

"Miezi sita?"

"Miezi sita."

Alipoondoka, mama alikuwa anapepeta karanga kwenye ungo, haangalii juu.

"Milango ni mingapi kule Goweko?" aliuliza.

"Mitano," nilisema. "Na madirisha saba, yote ya vioo."

Akahesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akamimina karanga kinuni, akashika mchi.